Kipimo na Ushahidi katika Tiba ya Mguu Kifundo

Miongoni mwa huduma za tiba ambazo historia yake yastahili kukumbukwa ni ile ya watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kwa ndani na kuelekea chini hata unyayo usiweze kukanyaga ardhi. Mtoto asiyetibiwa hukua akitembelea ubavu wa mguu, na mara nyingi huachwa nyuma shuleni, kazini na katika jamii.

Katika karne ya ishirini madaktari wengi waliutegemea upasuaji mkubwa. Mguu ulionekana kunyooka, lakini wengi wa waliopasuliwa walipata ukakamavu na maumivu utu uzimani. Hayo aliyabaini Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyehudumu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alipowachunguza wagonjwa wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza njia nyingine: kuunyoosha mguu wa mtoto mchanga taratibu kwa mikono, kuufunga plasta ya jasi, na kuibadilisha plasta hiyo kila wiki. Baada ya majuma kadhaa, watoto wengi walihitaji tu kukatwa kano ya kisigino, kisha kuvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito.

Taarifa yake ya mwaka 1963 haikuwashawishi wenzake walio wengi. Kilichobadili mambo ni subira ya kupima. Mwaka 1980 Laaveg na Ponseti walitoa kipimo cha alama 100, kilichohesabu maumivu, utendaji wa mguu na kuridhika kwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1995 Cooper na Dietz walichapisha habari za watu wazima 45, wenye miguu 71 iliyotibiwa utotoni kwa njia hiyo. Asilimia 78 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana. Miongoni mwa watu waliozaliwa na miguu salama, asilimia hiyo ilikuwa 85. Tangu hapo njia ya Ponseti ilienea ulimwenguni.

Aidha, Daktari Shafique Pirani wa Kanada, mwenye asili ya Uganda, alibuni kipimo chepesi. Mhudumu hutazama na kugusa dalili sita za mguu. Kila moja hupewa 0, 0.5 au 1. Jumla ya 6 ni mguu uliopinda mno, na 0 ni mguu wa kawaida. Alama zikiandikwa kila wiki, huonyesha kama mguu unanyooka, na wakati gani kano ikatwe.

Kwa kipimo hicho tiba haikubaki mikononi mwa madaktari bingwa peke yao. Nchini Uganda na Malawi maofisa tiba wa mifupa walifundishwa kuitoa, na katika nchi mbalimbali wataalamu wa fiziotherapia wameishika kazi hiyo.

Hata hivyo, alama njema si mwisho wa tiba. Viatu hivyo vikiachwa mapema, mguu hurudi kupinda. Hivyo mzazi anayemvalisha mwanawe kila usiku, kwa miaka minne hivi, ni mshiriki kamili wa uponyaji. Nayo historia hii yafundisha kwamba huruma kwa mgonjwa haitengani na kupima kwa uaminifu: ndiko kulikofunua madhara ya tiba iliyosifiwa, na kuithibitisha iliyodharauliwa.