Wabia wa Samani Kuukuu Mji Mkongwe

Samani nyingi zinazouzwa katika maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja, zimepitia msibani kwanza. Mwenye nyumba akifariki, mirathi hugawiwa kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, mjane thumuni yake. Fedha zinagawika, shamba la mikarafuu linapimwa, lakini kitanda cha samadari hakina thumuni. Basi huitwa dalali.

Mali yenyewe iliingia zama za neema. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, karne ya 19, pembe na karafuu zilileta fedha, na kila kaskazi ilipovuma majahazi ya Bara Hindi yalishusha makasha ya msaji, vitanda vya nguzo, vioo na saa za ukutani. Mpaka leo wauzaji hulitaja kasha kwa asili yake: la Surat, la Bombay, la Kishirazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 matajiri wengi waliondoka, majumba yakataifishwa, vyumba vikapata wakaazi wengine na samani zikatawanyika. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980 na watalii wakaongezeka, maduka yakashika njia za Gizenga na Hurumzi.

Kazi hii humshinda mtu mmoja, ndiyo maana utawakuta marafiki wawili watatu wametia mtaji wa bia. Mmoja ni seremala. Wa pili anazijua nyumba za watu: nani kafiwa, nani anahamia Dar es Salaam, nani anaozesha na hana fedha. Huyu hutangulia na pole, bei baadaye, na akikosea mpangilio huo mlango haufunguliwi tena. Wa tatu ana ndimi. Ndiye anayemkalisha Mtaliana kwenye kibao na kumwagizia kahawa.

Likifika kasha, seremala hulipindua kwanza. Chini hakuna nakshi, hivyo hakuna aliyejisumbua kupaghushi. Kisha hutazama mabati ya shaba: ya kale yamekatwa kwa mkono na matundu yake hayalingani, yakilingana mno, kasha ni la juzi. Mwisho hufungua kijisanduku cha pembeni ndani na kupapasa chini yake, kwenye droo ya siri ya kufichia hati na vito. Nadhani raha ya kazi yote imo katika dakika hiyo, ingawa droo kwa kawaida huwa tupu.

Ugomvi wao haumaliziki: kusugua au kuacha? Fundi anataka shaba ing'ae na ufa uzibwe. Muuzaji anapiga kelele kwamba mgeni hulipia huo weusi wa ukale. Mimi niko na muuzaji, tena si kwa sababu ya bei. Mbao iliyokwanguliwa haiwezi kurudishiwa miaka yake.

Kiti cha enzi ndicho kinachowapa kazi zaidi. Ni cha mpingo, mgongo umesimama wima, kina mikono mipana na pa kuwekea miguu, na mianya yake imesukwa kwa uzi. Zamani kilitengwa kwa mgeni wa heshima. Tabu ni yale mapambo meupe yaliyotiwa ndani ya mbao. Tangu nchi za mkataba wa CITES zilipokubaliana mwaka 1989 kuzuia biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi, kiti chenye pembe hakisafirishwi ng'ambo bila vibali maalumu, na mteja mwenye ndege kesho hana subira ya vibali. Chenye mfupa hakina kikwazo hicho cha pembe. Kwa hiyo mmoja wao huweka miwani ya kukuzia mezani: mfupa una vitundu vidogo vyeusi, pembe ina mistari inayokatizana. Ikionekana mistari, Mtaliana huoneshwa kasha, na kiti hutafutiwa mwenye hoteli wa papa hapa Unguja.