Mizani ya Sumu Isiyoonekana: Kemikali Rejea na Chakula cha Kisiwa cha Mafia

Kisiwa cha Mafia kimeelekeana na vinywa vya mto Rufiji, nao mto huo, unaowalisha kamba na samaki kwa rutuba unayoishusha kutoka bara, waweza kadhalika kushusha chochote kilichomwagwa katika mashamba ya kandokando yake. Hivyo mvuvi wa Jibondo, ambaye pengine hakupata kushika chupa ya kiuatilifu maishani mwake, hana budi kuathirika na amali ya mkulima asiyemjua. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yaweza kuzuia baruti na nyavu haramu, lakini haina uwezo juu ya kilichoyeyuka majini. Swali la kama pweza na kamba wa kisiwa hicho ni salama, basi, halijibiwi kwa macho wala kwa ulimi, ila kwa maabara; na rai yangu ni kwamba jibu la maabara halitimii kuwa ushahidi mpaka taifa liwe na mamlaka juu ya kemikali rejea, ambazo ndizo msingi wa kila kipimo cha mabaki ya viuatilifu katika chakula.

Mashine ya kupimia, hata iwe ya thamani kubwa namna gani, haiijui sumu kwa jina wala kwa kadiri. Hutoa ishara tu, kubwa au ndogo. Ili ishara hiyo igeuke kuwa hesabu, sharti mkemia awe na kiasi kidogo cha sumu ileile, aghalabu miligramu chache, chenye hati inayobainisha usafi wake, shaka iliyomo katika kipimo chake, namna ya kukihifadhi na siku ya kwisha muda wake. Akakitia mashinani kwa viwango anavyovijua, ndipo ailinganishe sampuli navyo. Kiasi hicho ndicho kemikali rejea, na kasoro iliyomo ndani yake huhamia katika kila jibu linalotegemea kemikali hiyo. Na nafasi ya kukosea ni nyembamba mno, kwa kuwa kikomo cha jumla cha Umoja wa Ulaya, kwa mazao yasiyowekewa kikomo mahsusi, ni miligramu 0.01 katika kilo, yaani gramu moja katika tani 100. Sheria yetu ya Tanzania haimruhusu mnunuzi wa korosho kutumia mizani ambayo Wakala wa Vipimo haujaihakiki kwa mawe ya uzani unaojulikana; sioni hujja ya kuridhia uangalifu mdogo zaidi pale kinachopimwa kinapokuwa sumu.

Insafu yenyewe hutegemea kemikali hizo. Kiuatilifu cha DDT kikikaa ardhini hugeuka polepole kuwa DDE na DDD, na kila moja huhitaji kemikali rejea yake, kwani ni kwa uwiano wa hizo tatu ndipo hudhihirika kama sumu ni ya juzi au ya zamani. Katika mkoa huuhuu wa Pwani, ambao Mafia ni wilaya yake, shehena ya viuatilifu vya msaada, baadhi yake vimekwisha muda, ilifikishwa mwaka 1986 katika shamba la Vikuge, ikahifadhiwa vibaya hata udongo ukachafuka. Maabara isiyoweza kutenganisha DDT na kile inachogeuka kuwa yaweza kumtwika mkulima wa leo dhambi ya ghala la jana.

Wala hasara ya kukosa ushahidi si ya kubuni. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu kwamba kulikuwa na wavuvi waliotumia viuatilifu kuulia samaki. Taksiri ya wachache ikawaangukia wote, kwa sababu nchi hizo hazikuwa na vipimo vya kuaminika vya kumtenga mwenye hatia na asiye nayo.

Huenda ikasemwa kwamba kemikali hizi hununuliwa kwa watengenezaji wa Ulaya na Marekani wenye ithibati, na kwamba ni israfu kwa nchi ya kadiri yetu kutengeneza kilicho tayari sokoni. Hoja hiyo ina uzito, nami sidai kwamba tuunde upya mamia ya sumu. Lakini kemikali peke yake haitoshi; huhitajika pia sampuli rejea, yaani chakula chenye kiasi cha sumu kinachojulikana, na sampuli zinazotengenezwa huko hufuata chakula cha huko, ilhali mafuta ya nazi na nyama ya pweza hukuza au hufifisha ishara ya mashine kwa namna yake yenyewe. Na hilo hakuna ajnabi atakayelishughulikia kwa niaba yetu.

Yapasa, basi, kila fedha inayotengwa kununua mashine iambatane na fedha ya kemikali rejea kwa umri wote wa mashine hiyo. Nchi za Afrika Mashariki ziwe na ghala moja la kuagiza, kuhifadhi na kuhakiki kemikali hizo. Na Shirika la Viwango Tanzania, lenye maabara yake ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, lishirikiane na Mkemia Mkuu wa Serikali na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kutayarisha sampuli rejea za pweza, kamba, dagaa na nazi. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na soko lililofungwa, na mvuvi wa Mafia anastahiki kuhukumiwa kwa kipimo ambacho taifa lake laweza kukitetea mbele ya mnunuzi yeyote.