Sibiloi: Urithi Mpana Kuliko Mipaka Yake

Agosti 1972, Bernard Ngeneo, Mkenya aliyekuwa katika kikosi cha watafuta visukuku, alikuwa akikagua mteremko uliochimbwa na maji ya mvua huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Akaona vipande vya mfupa vimetapakaa juu ya mchanga. Mchanga ule ulichekechwa, vipande zaidi ya 150 vikapatikana, na mtafiti Meave Leakey pamoja na wenzake wakavipanga kimoja kimoja kwa wiki kadhaa. Likatokea fuvu la zamadamu mwenye ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa kiumbe wa kale kiasi hicho. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalilipa nambari KNM-ER 1470. Mwaka uliofuata, 1973, eneo la kilomita za mraba 1,570 lilitangazwa kuwa Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, kwa jina la mlima ulio ndani yake.

Tumezoea mbuga zinazotengwa kwa sababu ya ndovu, simba na faru. Sibiloi, katika Kaunti ya Marsabit, ilitengwa kwanza kabisa ili kulinda masalia ya waliotutangulia. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na Kenya ina haki ya kujivunia. Lakini zaidi ya nusu karne baadaye, historia ya mahali hapa inatudai jambo zaidi. Maji yanayoihuisha nyika hii na watu wanaochunga mifugo humo ni urithi wenye uzito uleule, nao umelindwa kwa uhafifu zaidi kuliko mifupa.

Tope lililohifadhi, majivu yaliyohesabu

Sibiloi ya leo ni jangwa. Mvua ni haba, upepo wa kusini mashariki huvuma karibu mwaka mzima, na mawe meusi ya volkano yamefunika uwanda mpaka ufukweni. Hata hivyo, magogo ya miti mikubwa iliyogeuka jiwe yamelala wazi ndani ya mbuga, ushahidi kwamba zamani za kale hapa palikuwa na msitu na unyevu wa kuulisha.

Kwa mamilioni ya miaka ziwa hili limejaa, likapungua, likajaa tena. Mto Omo ulishusha tope kutoka nyanda za juu za Ethiopia na kuifunika mifupa kabla haijamalizwa na jua na fisi. Volkano nazo zilimwaga majivu, tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo yana madini yanayopimika umri, kwa hiyo mfupa uliolala kati ya matabaka mawili hupata tarehe yake kutoka juu na chini.

Richard Leakey, aliyeongoza utafiti wa Koobi Fora, aliiona miamba hiyo mwaka 1967 akiwa ndani ya ndege, wakati wa safari za utafiti wa bonde la Omo. Mwaka 1968 alirudi na kikosi chake. Mwaka 1969 mwanajiolojia kijana, Kay Behrensmeyer, alipata zana za mawe ndani ya tabaka la majivu ambalo tangu hapo huitwa KBS, kwa herufi za kwanza za Kay Behrensmeyer Site, yaani eneo lake.

Tabaka hilo lilizua ubishi mkubwa. Vipimo vya kwanza vililipa umri wa miaka milioni 2.6, na fuvu la Ngeneo, lililokuwa chini yake, likahesabiwa kuwa la zamani zaidi ya hapo. Waliochunguza visukuku vya nguruwe pori hawakuridhika. Meno ya nguruwe wa Koobi Fora yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo walioishi miaka ya karibu zaidi, na nguruwe wa aina moja hawawezi kupishana kwa miaka laki kadhaa katika maeneo jirani. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi mpaka vipimo vipya vilipoonyesha kwamba majivu ya KBS yana takriban miaka milioni 1.9. Walioshikilia ushahidi wa nguruwe walikuwa sahihi. Leo wataalamu wengi huliweka fuvu lile katika jamii ya Homo rudolfensis.

Jina lililovuma duniani lilikuwa la Leakey, lakini macho yaliyoliona fuvu yalikuwa ya Ngeneo. Ni yeye tena aliyegundua, mwaka 1975, fuvu la Homo erectus lenye nambari 3733, mojawapo ya mafuvu kamili zaidi ya jamii hiyo. Kiongozi wa watafutaji hao alikuwa Kamoya Kimeu, ambaye mwaka 1984, ng'ambo ya ziwa huko Nariokotome, aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa Homo erectus anayeitwa Mvulana wa Turkana. Mwaka 2024 watafiti walitangaza nyayo za Koobi Fora zenye umri wa miaka milioni 1.5, zilizoachwa kwenye tope moja na zamadamu wa jamii mbili tofauti waliopita ufuo uleule wakati mmoja au kwa kupishana muda mfupi tu.

Wavuvi, wafugaji na msafara wa Pangani

Miaka 9,000 hivi iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na ziwa lilipanda kwa makumi ya mita hadi likafurika kuelekea mfumo wa Mto Nile. Ndiyo maana Turkana ina sangara na mamba wa Nile. Watu wa enzi hizo walivua kwa chusa za mfupa, na chusa hizo bado huokotwa mbali na ufuo wa sasa.

Mvua zilipopungua na ziwa kurudi nyuma, yapata miaka 5,000 iliyopita, mifugo ilifika. Dongodien, karibu na Koobi Fora, imetoa mifupa ya mifugo iliyo miongoni mwa ya kale zaidi nchini Kenya. Huko Jarigole, karibu na Ghuba ya Allia, wafugaji hao wa mwanzo walisimamisha nguzo za mawe mahali pa maziko, wakawazika wafu wao kwa shanga na vyungu. Ufugaji, basi, si mgeni aliyeingia mbugani juzi. Wadasenech wa Ileret na Wagabra wenye ngamia wanaendeleza maisha ambayo mwambao huu umeyajua kwa maelfu ya miaka, na kusini zaidi Waelmolo wangali wakivua.

Pwani ya Waswahili nayo ina ukurasa katika historia hii. Mapema 1887 msafara wa Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel uliondoka Pangani ukiwa na wapagazi wa pwani na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara. Machi 1888 waliliona ziwa, kisha wakafuata ufuo wa mashariki kuelekea kaskazini, wakipita katika nchi ambayo leo ni Sibiloi. Teleki aliliita ziwa kwa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao. Mwaka 1975 Kenya iliiondoa heshima hiyo ya kigeni na kuliita Ziwa Turkana.

Maji yasiyojua mipaka

Mwaka 1997 UNESCO iliingiza Sibiloi na Kisiwa cha Kati, kilichomo ziwani, katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001. Kisiwa cha Kati kina maziwa matatu ndani ya kasoko za volkano na ni mazalio makubwa ya mamba. Sibiloi yenyewe ina punda milia wa Grevy, choroa, nyamera, twiga na ndege wa aina nyingi wanaopumzika hapo wakihama. Wanyama hao wamepungua kwa sababu ya ujangili na ushindani wa malisho. Ukame ukibana, wafugaji huingiza mifugo mbugani, jambo ambalo sheria inakataza na njaa inalazimisha.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya mbuga. Karibu asilimia 90 ya maji ya mto yanayoingia ziwani hutoka Omo. Ethiopia ilizindua bwawa la Gibe III mwaka 2016, na chini yake kuna mashamba makubwa ya miwa yanayohitaji umwagiliaji. Ikal Angelei, mwanzilishi wa shirika la Friends of Lake Turkana, aliongoza kampeni dhidi ya ufadhili wa bwawa hilo na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2012. Mwaka 2018 UNESCO iliweka mbuga hizi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baadaye mvua kubwa ziliinua ziwa likazamisha fuo na makazi, na baadhi ya watu wakadhani hofu ya ziwa kupungua imekwisha. Haijakwisha. Mafuriko ya msimu ya Omo huleta rutuba na kuwapa samaki ishara ya kuzaana. Bwawa likiyadhibiti, ziwa laweza kuonekana limejaa huku uhai wake ukidhoofika.

Mipaka ya 1973 ilichorwa kuzunguka mifupa, na imeilinda vyema. Sasa kazi ni kulinda kinachobaki nje ya mstari huo. Kenya na Ethiopia zinahitaji makubaliano ya wazi, yenye takwimu zinazoonekana na wananchi, kuhusu kiasi cha maji ya Omo kitakachofika ziwani na msimu wa kufika. Wadasenech na Wagabra wanastahili kukaa mezani malisho ya ukame yanapopangwa, kwa kuwa ujuzi wao wa nyika hii ni sehemu ya urithi wenyewe. Na vitabu vya shule viandike jina la Bernard Ngeneo karibu na nambari 1470, ili mtoto wa Ileret ajue kwamba sayansi iliyoitangaza Sibiloi duniani ilifanywa pia na Waafrika wenzake, na kwamba anaweza kuiendeleza.