Okapi Alipohesabiwa Ukoo wa Punda

Kwa miezi michache ya mwaka 1901, okapi aliandikwa London kuwa ndugu wa punda milia.

Mwaka uliotangulia, Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, aliingia msitu wa Ituri, mashariki ya Kisangani, kumtafuta mnyama aliyesimuliwa na Wambuti, wenyeji wa msitu huo. Alipata mikanda tu, ambayo askari wa kituo cha Mbeni walikuwa wameikata kwenye ngozi yenye milia. Akaipeleka London. Mwanazoolojia Philip Sclater akaitazama, akampa mnyama huyo jina la Equus johnstoni, yaani akamweka jenasi moja na farasi na punda.

Kinachoniuma ni hiki: wenyeji walikuwa wameshamwonyesha Johnston nyayo za mnyama huyo. Zilikuwa za kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe. Yeye alitafuta ukwato mzima wa punda, kwa hiyo hakuwaamini. Alidhani wanafuata mnyama mwingine. Jibu lilikuwa matopeni, miguuni pake.

Baadaye ilifika ngozi nzima na mafuvu mawili. Mwanazoolojia Ray Lankester aliacha milia akachunguza mifupa na meno: chonge za taya la chini zimegawanyika, kama za twiga. Basi okapi akahamishiwa familia ya twiga, akapata jenasi yake mwenyewe, Okapia, kutokana na jina la wenyeji.

Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: ngazi hizi zinataka kujua nani kazaliwa na nani. Milia ni vazi, na vazi halionyeshi ukoo.

Karne moja baadaye kazi kama hiyo ya kutafuta ukoo wa mnyama ilifanyika karibu zaidi na Kisangani. Mwaka 2007, huko Opala, watafiti waliokuwa na John na Terese Hart walimkuta kima mchanga akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso wake haukufanana na wa kima yeyote waliyemjua. Walilinganisha mafuvu, manyoya, vinasaba, hata mlio wa madume alfajiri. Jamaa yake wa karibu, Cercopithecus hamlyni, anaishi mashariki ya mto Lualaba. Huyu yuko magharibi, kati ya mito ya Lomami na Tshuapa.

Septemba 2012 alitangazwa kuwa spishi mpya, Cercopithecus lomamiensis. Jina lake la kawaida likabaki lile lile la wawindaji wa Opala: lesula.