Bure, Huru na Huria: Maneno Matatu katika Historia ya Programu na Mtandao

Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza 'free' katika maandishi yahusuyo kompyuta, huwa na maneno matatu mkononi: bure, huru na huria. Kila moja kati ya hayo lina historia iliyo ndefu kuliko ya kompyuta yenyewe, na kila moja humpeleka msomaji mahali pake. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia hiyo, kuanzia istilahi za programu hadi zile za sheria za mtandao na za vyombo vya habari. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, pale Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 na kuifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo istilahi hizi si mali ya wapenzi wa lugha peke yao. Neno litakalowekwa na mfasiri mezani pake laweza kumwachia mtu aende zake au kumpeleka gerezani.

Tuanze na huru. Asili yake ni Kiarabu, na katika mwambao wetu maana yake ya kwanza ilihusu mtu asiye mtumwa. Bwana aliweza kumwacha mtumwa wake huru, na aliyeachwa huru alikuwa na cheo kipya mbele ya watu na mbele ya kadhi. Hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, neno lilikuwa bado ni la mtu na mwili wake. Harakati za kisiasa, hasa baada ya kuundwa kwa TANU mwaka 1954, ndizo zilizolitoa neno uhuru kwa mtu mmoja mmoja na kulipa taifa zima. Hata hivyo kitu kimoja hakikubadilika: awezaye kuwa huru ni mtu, au jamii ya watu. Jembe haliwi huru, wala kitabu.

Bure nalo lina tabia mbili. Kwa upande mmoja ni kitu kipatikanacho pasipo malipo. Kwa upande mwingine ni kitu kisicho na faida. Husemwa kwamba mtu amejisumbua bure, au kwamba fulani ni mtu bure kabisa. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba shule imeletewa 'programu za bure' hawezi kuizuia ile maana ya pili isichungulie mlangoni.

Huria ndilo changa kuliko yote katika matumizi mapana. Lilienea katika miaka ya 1980 na 1990, wakati biashara ilipolegezwa masharti, tukaanza kusikia habari za soko huria na biashara huria. Halafu mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na hapo huria likachukua maana nyingine tena, ya mlango ulio wazi kwa kila mwenye sifa bila kulazimika kukaa bwenini. Kwa hiyo neno hili lina vivuli viwili. Mtumishi aliyesomea shahada yake katika chuo hicho hulisikia kwa namna moja. Aliyekuwa akipanga foleni katika duka la kijiji, kisha akaona bei zikiachiwa zijiendee zenyewe, hulisikia kwa namna nyingine.

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwapo wakati mambo ya programu yalipotufikia. Huko Marekani, tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, ambaye alikuwa mtumishi wa maabara ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alitangaza mradi aliouita GNU. Kusudi lake lilikuwa ni kuandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta ambao kila mtu angeweza kuutumia kwa kusudi lolote, kuuchunguza, kuurekebisha, na kuwagawia wengine nakala zake, zile za asili na zile zilizorekebishwa. Mwaka 1985 aliunda shirika la kuutetea mwendo huo, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake mashuhuri, ambayo humlazimu anayegawa programu hizo ampe mwenziwe haki zilezile alizopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mfumo ukakamilika.

Stallman aliandamwa na neno lake mwenyewe. Kwa kuwa Kiingereza hakitofautishi uhuru na kukosekana kwa bei, ilimbidi aeleze kila mara kwamba yeye azungumzia haki ya mtumiaji, wala si fedha. Yeye mwenyewe katika miaka hiyo ya 1980 aliuza kanda zenye programu yake ya kuhariria maandishi kwa dola 150 kila moja. Mwaka 1998 wenziwe kadhaa waliokutana Palo Alto, California, waliamua kuliacha neno hilo na kutumia jingine lenye kusisitiza kwamba chanzo cha programu ki wazi, wakitumaini kwamba wenye makampuni hawatatishika. Ugomvi kati ya makundi hayo mawili haujaisha. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya ugomvi huo ni maradhi ya lugha moja, na Kiswahili hakina sababu ya kuyaazima. Tunayo bure kwa ajili ya bei, tunayo huru na huria kwa ajili ya haki. Lililobaki ni kuyaweka kila moja mahali pake.

Kazi hiyo ilifanywa kwa vitendo mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitafsiri programu za ofisi na kutoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba mwaka huo. Kabla yake, mwaka 2003, ilikuwa imeanzishwa Wikipedia ya Kiswahili, nayo ikajiita kamusi elezo huru. Tazama basi: istilahi moja ya kigeni, na katika muda mfupi sana Kiswahili kikawa na 'programu huria' huku na 'kamusi elezo huru' kule. Wako wanaolalamika kwamba huu ni mchafuko. Sisi hatuoni ubaya mkubwa, ila tungependelea huria litumike kwa vitu na huru libaki kwa watu. Programu ni huria. Anayeitumia ndiye aliye huru. Mgawanyo huo unaiheshimu historia ya neno huru tuliyoieleza, na tena unamkumbusha msomaji kwamba mwenye haki ni yeye, wala si mashine.

Tukitoka katika programu na kuingia katika habari zipitazo mtandaoni, mgawanyo huo huanza kuwa na uzito mwingine. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yahusu uhuru wa maoni. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na hadi mwaka 2005 ibara hiyo ilifungwa na maneno yaliyoiweka chini ya sheria nyingine za nchi. Marekebisho ya mwaka huo yakayaondoa. Hapo aliye huru ni mtu, kama zamani. Lakini sheria ndogo za miaka ya karibuni hazisemi sana juu ya mtu. Husema juu ya maudhui.

Neno hili lina safari ya kustaajabisha. Kila aliyesoma fasihi sekondari katika miaka ya 1970 na 1980 alifundishwa fani na maudhui: fani ni namna mtunzi alivyosema, maudhui ni yale aliyoyasema. Lilikuwa neno la mwalimu na mhakiki. Mwezi Machi 2018 zikatoka Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu maudhui ya mtandaoni, na maudhui yakawa kitu cha kuombewa leseni. Mwenye kuandika habari katika ukurasa wake alitakiwa alipe ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Mwezi Juni mwaka huo baadhi ya kurasa mashuhuri zilifungwa na wenyewe kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa kwa nyingine mwaka 2020, nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Istilahi yenyewe imedumu. Hatuna hakika kwamba mwanafunzi wa leo akisikia 'maudhui' hufikiria riwaya kwanza.

Ugumu mkubwa kuliko wote umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 chahusu taarifa za uongo, na kwa Kiingereza kimepanga sifa nne mfululizo, ya mwisho ikiwa ni taarifa isiyo sahihi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kweli kwamba kifungu chataka mshitakiwa awe amejua, na awe na nia mbaya. Hata hivyo mfasiri hawezi kuzipita sifa hizo nne kama zilivyo visawe. Katika Kiswahili uongo una mwenyewe: mwongo ni mtu aliyeujua ukweli akausema kinyume. Karani aliyeandika 48 badala ya 84 hakupatia, lakini hakuna mtu wa mtaani atakayemwita mwongo. Upotoshaji ni jambo jingine, kwani hata maneno ya kweli yaweza kupotosha yakikatwa vibaya. Uvumi hauna mwenyewe. Na uzushi, neno lipendwalo na waandishi wa habari, lina asili katika dini, ambako mzushi ni yule aletaye mafundisho yasiyokuwapo. Mfasiri akiandika 'uzushi' mahali pa 'taarifa isiyo sahihi', amelizidisha kosa. Akiandika 'isiyo sahihi' mahali pa 'uongo', amelipanua kosa limkute hata karani wetu.

Kwamba maneno mapana ni hatari, majirani zetu walikwisha kuliona. Mwezi Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Nairobi ilikitangua kifungu cha 29 cha sheria yao ya habari na mawasiliano, kilichokuwa kikimwadhibu atumaye ujumbe wenye kuudhi mno au wenye utovu wa adabu. Mahakama iliona kwamba maneno hayo hayakuwa na mipaka, na mwananchi hakuweza kujua mapema lipi ni kosa na lipi si kosa. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwa shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na wengine, iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Wale wasemao kwamba mwandishi naye ana wajibu wake hawasemi vibaya, na Baraza la Habari lenyewe liliundwa mwaka 1995 ili waandishi wasimamiane kwa maadili. Lakini hapa pia neno limegeuka. Wajibu ni deni la mtu katika nafsi yake. Kuwajibika, katika siasa za Tanzania, kumekuwa na maana ya kuacha cheo. Mfano ukumbukwao zaidi ni wa Ali Hassan Mwinyi aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977. Tunaposoma basi kwamba vyombo vya habari 'viwajibike', twauliza: vitimize wajibu wao, au viondoke?

Limebaki neno moja ambalo bado hatujaliridhia, nalo ni kuchapisha. Sheria za mtandao hulitumia kwa kila tendo la kuweka habari mbele ya watu, ingawa hapana chapa wala karatasi. Je, aliyepeleka ujumbe katika kikundi cha ukoo wake chenye watu kumi na mmoja amechapisha? Ametangaza? Amesambaza? Au ameutuma tu, kama barua? Kila jibu lina adhabu yake. Sisi twaelekea kwenye 'kuweka hadharani', kwa sababu humlazimu hakimu aulize kwanza kama hapo palikuwa na hadhara. Wafasiri wa mahakama na wa wizara ambao wamekwisha kukutana na neno hili kazini tunawaomba watuletee sentensi walizoziandika, pamoja na zile walizozifuta.