Mstari wa Franklin: miaka 200 ya kutafuta miwani isiyo na kasoro

Akiwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, Benjamin Franklin alikuwa na miwani mbili na usumbufu mmoja. Mezani, ya kusomea ilimwonyesha chakula lakini ikawatia ukungu waliokaa ng'ambo ya meza. Ya kuona mbali iliwaonyesha watu, chakula kikapotea. Na kwa kuwa sikio lake halikuzoea vizuri Kifaransa, alihitaji kuona sura ya msemaji ili aelewe anachosema. Safarini nako alikuwa akivua hii na kuvaa ile, mara asome, mara atazame mandhari.

Akaamuru lenzi zikatwe. Nusu ya kuona mbali ikawekwa juu, nusu ya kusomea chini, zote katika fremu moja. Tarehe 23 Mei 1785, akiwa na miaka 79, alimweleza hayo kwa barua rafiki yake George Whatley: sasa kazi yake ni kuinua au kushusha macho tu. Dollond, fundi miwani mashuhuri wa London, alikuwa amesema miwani hiyo inafaa macho ya watu wachache tu. Franklin akajibu kwamba huenda fundi huyo hakuelezwa vizuri inavyotengenezwa.

Shida yenyewe haikuwa ya Franklin peke yake. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, ikashindwa kubadili umbo ili kuona karibu. Hapo ndipo mtu huanza kusoma gazeti kwa kunyoosha mkono.

Lakini mkato ule ulileta kasoro zake. Jicho likivuka mstari ulio kati ya nusu hizo mbili, kitu huonekana kuruka. Anayeshuka ngazi hutazama miguu yake kupitia sehemu ya kusomea, hivyo kipandio hukosa umbo na ni rahisi kujikwaa. Aidha, vitu vya umbali wa kati, kama skrini ya kompyuta, havina sehemu yao.

Waliofuata walipambana na mstari huo. Mwaka 1827, John Isaac Hawkins wa Uingereza aliongeza sehemu ya tatu kwa ajili ya umbali wa kati. Mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi waliyeyusha kioo kimoja ndani ya kingine, mkato usihisike kwa kidole. Mwaka 1959, lenzi ya Varilux ya Mfaransa Bernard Maitenaz iliingia sokoni: nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu hadi chini, bila mstari wowote. Hata hivyo, kasoro ilihamia pembeni, ambako picha hupinda na kufifia, na bei ikapanda.

Ndiyo maana lenzi yenye mstari bado inauzwa. Ni nafuu, na sehemu yake ya kusomea ni pana na safi. Anayeshinda na vitabu itamfaa. Anayeshinda mbele ya kompyuta au kwenye ngazi amweleze mpimaji wa macho kazi yake kabla ya kuchagua.