Vitenzi vyenye uzito katika wasifu-kazi: Jinsi ya kuvichagua na kuvitumia

MWOMBAJI kazi anapoketi kuandika wasifu-kazi, aghalabu hupoteza muda mwingi akiwazia mpangilio wa ukurasa, aina ya herufi na hata mahali pa kubandika picha. Ni nadra kumpata anayekipima kitenzi kimoja baada ya kingine. Ilhali kitenzi ndicho kinachomjibu mwajiri swali lake kuu: mtu huyu alifanya nini hasa?

Wasifu-kazi, ambao wengi huuita sivii, ni maelezo mafupi ya elimu, ujuzi na tajriba ya mtu anayetafuta ajira. Neno 'wasifu' lina asili ya Kiarabu na mzizi wake unahusu kueleza kitu jinsi kilivyo. Kitenzi 'kusifu' kina asili hiyohiyo, ila katika Kiswahili kimeelekea zaidi upande wa kumwaga sifa. Tofauti hiyo ndogo yafaa ikumbukwe. Wasifu-kazi mzuri hueleza; haujigambi wala haujifichi.

Nchini Kenya, waombaji wengi huandika hati hii kwa Kiingereza. Hata hivyo, Katiba ya mwaka wa 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na wapo wanaohitaji wasifu-kazi wa Kiswahili: watangazaji, wahariri, wafasiri, wakalimani, walimu wa lugha na wanaotafuta kazi katika nchi jirani ya Tanzania. Hata kwa anayeandika kwa Kiingereza, zoezi la kuieleza kazi yake kwanza kwa Kiswahili sanifu humfichulia mapema mahali ambapo hajui alifanya nini.

Vitenzi vinavyoficha kazi

Kuna vitenzi ambavyo hujitokeza katika karibu kila wasifu-kazi na ambavyo havimwelezi msomaji lolote. Navyo ni kuhusika, kushiriki, kushughulikia, kuwajibika, kufanya na kusaidia. Aliye'husika' katika ujenzi wa daraja anaweza kuwa mhandisi aliyelichora, mwashi aliyepanga mawe, mpishi wa vibarua au karani aliyewalipa. Wote wanne walihusika. Mwajiri hana nafasi ya kukisia.

Kitenzi 'kusaidia' kina hila yake. Mara nyingi mwombaji hukitumia kwa unyenyekevu ilhali kazi yote aliifanya yeye. Palipo na msaada wa kweli, yaani pale ambapo kazi yenyewe ni kumhudumia mtu, ni heri msaada huo utajwe kwa jina lake. Mhudumu wa wagonjwa aandike, 'Niliwaosha, niliwalisha na kuwapima joto wagonjwa 12 kila zamu,' badala ya 'Nilisaidia wagonjwa.'

Hila ya pili ni kitenzi kujificha ndani ya nomino. Mwombaji huandika 'nilifanya ukaguzi' pale ambapo angetosheka na 'nilikagua'. Vivyo hivyo, 'nilitoa mafunzo' ni 'nilifunza', 'nilifanya marekebisho' ni 'nilirekebisha', nayo 'nilikuwa na jukumu la usimamizi' ni 'nilisimamia'. Sentensi hupungua maneno na tendo likaonekana wazi. Isitoshe, kuwa na jukumu si sawa na kulitekeleza.

Hila ya tatu ni tafsiri sisisi. 'Nilicheza jukumu muhimu', 'nilikutana na malengo' na 'nilikimbiza duka' ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili husema 'nilitekeleza jukumu', 'nilitimiza malengo' na 'niliendesha duka'. Anayeomba kazi ya lugha akiteleza hapa, barua yake huenda isisomwe hadi mwisho.

'Nili-', 'tuli-' au 'ku-'?

Vitabu vingi vya ushauri wa kazi vimeandikwa kwa Kiingereza, na humwambia mwombaji aanze sentensi kwa kitenzi bila kujitaja. Katika Kiswahili jambo hilo haliwezekani. Ukiondoa kiambishi cha nafsi na cha wakati katika 'nilisimamia', kinachobaki ni 'simamia', nayo ni amri.

Wengi hulikwepa tatizo hilo kwa kutumia kitenzi-jina: 'kusimamia wafanyakazi', 'kuuza bidhaa', 'kutunza stoo'. Mtindo huu haukiuki sarufi, lakini hauonyeshi mtendaji wala wakati. Unasomeka kama tangazo la kazi, yaani orodha ya mambo yanayotarajiwa kufanywa na yeyote atakayeajiriwa. Kiambishi 'nili-' hubainisha mara moja kwamba kazi ilifanyika na aliyeifanya ni nani. Anayehofia kulirudia 'nili-' anaweza kuunganisha: 'Nilipokea, kuhesabu na kurekodi bidhaa.'

Hofu nyingine ni ya kimalezi. Wengi wamelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, hivyo kusema 'nilifanya' huwatoka kwa shida, nao hukimbilia 'tulifanya'. Adabu hiyo ni njema barazani, ila mwajiri haajiri kikundi. Suluhisho si kuwapora wenzako jasho lao. Tenganisha sehemu yako na yao: 'Niliongoza mafundi wanne; tulikarabati madarasa sita katika muda wa wiki tatu.' Hapo mwenye kuongoza amejulikana na waliofanya kazi wamepewa haki yao.

Kuhusu wakati, '-li-' hufaa kazi iliyokwisha. Kwa kazi ambayo mwombaji angali anaifanya, 'ninasimamia' hueleza jukumu linaloendelea, na 'nimefunza' hueleza jambo lililokwisha kutimizwa katika kazi hiyohiyo. Kuchanganya nyakati kiholela humfanya msomaji asijue kama mwombaji bado yuko kazini au alikwisha kuondoka.

Mnyambuliko una siri yake

Kiswahili kimejaliwa minyambuliko ambayo huonyesha nani alisababisha nini. Mauzo yakiongezeka, hakuna ajuaye yaliongezwa na nani. Mwombaji akisema 'niliongeza mauzo', amejitwika tendo. Hali ni hiyohiyo kwa kupungua na kupunguza, kuanza na kuanzisha, kukua na kukuza, kupatana na kupatanisha. Kauli ya kutendesha ndiyo chemchemi ya vitenzi vingi vyenye uzito katika wasifu-kazi.

Kwa upande mwingine, kauli ya kutendwa humrudisha mwombaji nyuma. 'Nilitumwa', 'nilipewa kazi ya' na 'niliteuliwa' humwonyesha mtu akitendewa. Si kwamba hazifai kamwe. Kuteuliwa kuwa nahodha au katibu ni heshima. Ila baada ya 'niliteuliwa' sharti kifuate kitenzi cha kutenda: aliyeteuliwa alifanya nini alipofika?

Vitenzi vinavyokaribiana maana

Kitenzi chenye uzito si lazima kiwe kigumu. Ni kile kinacholingana barabara na tendo. Makundi yafuatayo huwakanganya waombaji wengi.

Kuongoza, kusimamia, kuendesha na kuratibu: Huongozwa watu, na kiongozi huwa mbele yao. Husimamiwa kazi, na msimamizi huhakikisha inakwenda ipasavyo. Huendeshwa shughuli au biashara nzima, pamoja na faida na hasara zake. Kuratibu ni kupanga shughuli za pande mbalimbali zisigongane, hata kama mratibu si mkubwa wa yeyote.

Kubuni, kuanzisha, kuunda na kuzindua: Kubuni ni kuliwaza jambo kwa mara ya kwanza. Kuanzisha ni kulitia mwendo. Kuunda ni kulitengeneza au kulipa umbo, kama vile kuunda kamati. Kuzindua ni kulifungua rasmi mbele ya umma. Aliyeandaa viti siku ya uzinduzi hakuzindua mradi.

Kukagua, kuchunguza na kuhakiki: Mhasibu hukagua hesabu na mwenye bohari hukagua shehena. Mwanahabari au mpelelezi huchunguza jambo lisilojulikana. Kuhakiki ni kuthibitisha usahihi wa kitu au kukitolea tathmini, kama vile kuhakiki vyeti au kuhakiki kitabu.

Kusahihisha, kuhariri na kutafsiri: Anayesahihisha huondoa makosa. Anayehariri huenda mbali zaidi: hupunguza, hupanga upya na huamua kinachobaki. Anayetafsiri huhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine kwa maandishi, tofauti na anayekalimani kwa mdomo.

Kuuza, kusambaza na kutangaza: Muuzaji hupokea pesa. Msambazaji hufikisha bidhaa kwa wauzaji. Anayetangaza huwafanya wanunuzi waijue bidhaa. Mtu mmoja anaweza kuwa alifanya yote matatu, na akiyataja matatu atakuwa amejieleza vyema kuliko aliyeandika 'nilishughulikia soko'.

Kitenzi kidai kipimo

Kitenzi kizuri kisichofuatwa na kitu ni debe tupu. 'Niliimarisha huduma' huvuma masikioni lakini hakieleweki kilichoimarika. Baada ya kitenzi, mwandishi ataje mambo matatu: alitenda nini au nani, kwa kiasi gani, na kukatokea nini.

Tuchukue mfano wa karani wa bohari ya supamaketi. Rasimu yake ya kwanza inasema: 'Nilihusika katika shughuli za bohari na kusaidia katika kuhesabu bidhaa.' Akiulizwa alifanya nini kila siku, anajibu bila kusita. Basi na aandike jibu hilo: 'Nilipokea na kuhesabu bidhaa za malori sita kila wiki. Nilibuni daftari la kufuatilia maziwa yanayokaribia kuharibika, na hasara ikapungua kutoka katoni 15 hadi nne kwa mwezi.' Mtu ni yuleyule na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaonekana.

Pasipo na takwimu, zisibuniwe. Mwombaji anaweza kutaja idadi ya watu aliowahudumia, muda aliochukua, ukubwa wa shamba au aina ya mashine. Hivyo navyo ni vipimo.

Asiye na ajira rasmi

Kosa linalowaumiza wengi zaidi ni lile la kudhani kwamba kazi isiyo na barua ya kuajiriwa si kazi. Kijana aliyemaliza shule ya upili akakaa miaka mitatu kijijini huandika 'sina tajriba'. Kumbe katika miaka hiyo alikama ng'ombe wanne kila alfajiri, akauza maziwa, akatunza hesabu za deni la wateja na kuwafunza watoto wa jirani hisabati. Hivyo ni vitenzi vinne, na kila kimoja kina mwajiri anayekitafuta.

Mama aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama naye hana sababu ya kuandika 'nilikuwa mwanachama'. Kama alipokea michango ya wanachama 22, akaihifadhi, akagawa mikopo na kufuatilia malipo, basi alipokea, alihifadhi, aligawa na alifuatilia. Fundi wa jua kali hali kadhalika: 'Nilichomelea milango na madirisha, nilikadiria gharama na kuwafunza wanagenzi wawili,' inamtosha kuliko 'kazi za mkono'.

Uzito usizidi ukweli

Upande wa pili wa shilingi ni kuongeza chumvi. Kitenzi kikubwa kuliko tendo ni uongo, hata kama cheti ni halali. Tukirudi kwenye 'niliongeza mauzo', ikiwa mauzo yalipanda kwa sababu duka shindani lilifungwa, mwombaji hakuyaongeza. Yaliongezeka.

Waajiri wanazidi kuwa makini. Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilifichua kwamba zaidi ya maafisa 2,000 katika taasisi za umma walikuwa na vyeti ghushi. Vyeti huhakikiwa na taasisi zilizovitoa. Vitenzi huhakikiwa katika mahojiano. Aliyeandika 'niliratibu' ataulizwa aliratibu nani na nani, waligongana wapi na aliwapatanishaje. Aliyeratibu kweli atajibu kwa dakika kumi. Asiyeratibu atajua kwa nini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Siku hizi pia zipo programu za akili unde zinazoweza kuandika wasifu-kazi mzima kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba huelekea kumpa kila mtu vitenzi vilevile. Mwajiri anayesoma maombi 200 yenye 'niliongoza kwa ufanisi' huanza kuyaona yote kuwa moja. Kinachomtenga mwombaji na wenzake ni tendo lake mahsusi, ambalo programu hailijui asipoiambia.

Kujikagua kabla ya kutuma

Kwanza, mwombaji apigie mstari kila kitenzi alichoandika. Pale ambapo 'kuhusika', 'kushughulikia' au 'kufanya' kumejitokeza, ajiulize mikono yake ilikuwa ikifanya nini, kisha aandike jibu.

Pili, asome tangazo la kazi na kuorodhesha vitenzi vyake. Kampuni kubwa kadhaa hutumia kompyuta kuchuja maombi kwa kutafuta maneno ya tangazo. Vile ambavyo ni kweli kumhusu avitumie kama vilivyo. Vile ambavyo si kweli aviache.

Tatu, aangalie kama kitenzi kimoja kimerudiwa mno. Aliyeandika 'nilisimamia' mara saba huenda pengine aliongoza, pengine alikagua, pengine alifunza.

Nne, ampe hati hiyo mtu aliyefanya naye kazi aisome. Mwenzake akicheka penye kitenzi fulani, kitenzi hicho kipunguzwe. Akisema, 'Lakini wewe ulifanya zaidi ya haya,' kiongezwe. Shahidi wa aina hiyo huona kwa pamoja majigambo na unyenyekevu uliopita kiasi, na mara nyingi ni unyenyekevu ndio unaomnyima mtu kazi aliyokuwa anaiweza.